Safu za Siku ya Gulio

Asilimia 0

TANGAZO KWA UMMA

Mradi: Ujenzi wa Wodi ya Wazazi, Kijiji cha Ruvwe, Milima ya Upare.
Mfadhili: Mfuko wa Majengo (kuanzia hapa utaitwa Mfuko).
Utaratibu: Fosi akaunti. Hakuna mkandarasi. Mafundi na vibarua ni wa papa hapa kijijini na watalipwa na Mfuko moja kwa moja.

1. Ni marufuku mtu asiye kwenye orodha ya malipo kuingia au kufanya kazi eneo la ujenzi.

2. Mradi utakaobainika kuwa nyuma ya ratiba utasitishwa.

3. Mradi utakaob

(Hapo mvua ya vuli ilipiga, wino ukashuka na ubao.)

Asilimia 3

Anayelisoma tangazo hilo, kofia ngumu kwapani kwa sababu inamuumiza nywele, ni Editruda Ngonyani, mkadiriaji majenzi wa Mfuko. Ametumwa kutoka makao makuu kuja kukaa Ruvwe na kupima kazi imefika wapi. Ameshapima mara mbili. Mara zote mbili jibu limemkosesha raha.

Jibu ni zuri mno.

Asilimia 6

Wewe unayesoma, usikimbie. Hesabu zenyewe ni tatu tu, na bibi yako alizijua kabla ya Mfuko kuzaliwa.

Tuseme una shamba. Umepanga kwamba kufikia leo ziwe zimelimwa ekari kumi. Hiyo inaitwa thamani iliyopangwa.

Unakwenda shambani na miguu yako, unakuta zimelimwa saba. Hiyo ni thamani iliyovunwa.

Unafungua pochi, unakuta umeshawalipa vibarua wa ekari tisa. Hiyo ni gharama halisi, na kwa kawaida ndiyo inayopandisha watu presha.

Saba ulizovuna kwa kumi ulizopanga: umechelewa. Saba ulizovuna kwa tisa ulizolipia: umeliwa. Wataalamu wanataka ukigawanya upate moja. Moja ndiyo afya. Chini ya moja ni ugonjwa.

Ruvwe zilipangwa ekari kumi, zikalimwa kumi na mbili, zikalipiwa nane.

Haya niambie, hizo nne kalima nani?

Asilimia 11

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Editruda alikua akiusikia msemo huo kwao Songea na hakuwahi kuutilia maanani mpaka alipoajiriwa na Mfuko. Siku hizi huuongezea mkia: vimeundwa na nani, na kwa nini kajificha?

Ana sababu. Aliyekalia kiti hicho kabla yake, kaka mmoja mpole aliyekuwa akimletea kila mtu karanga ofisini, alisaini ripoti ya zahanati iliyofika asilimia tisini. Wakaguzi walipofika walikuta mbuzi wanakula kwenye kiwanja kitupu. Sasa yule kaka anaripoti polisi kila Jumatatu, na karanga hakuna tena. Kwa hiyo shilingi moja ikizaa kazi ya shilingi moja na nusu, Editruda hapigi makofi. Anafunga mlango kwanza.

Asilimia 14

Vitu alivyovishuku, kwa mpangilio wa jinsi vilivyomkereketa:

*Saruji.* Kwamba imeibwa na ukuta umeshikizwa na matope. Akakwaruza kiungo kwa ufunguo wa nyumba yake. Ufunguo ukapinda.

*Futi yake ya utepe.* Kwamba imevutika kwa uzee. Akapima kitanda cha gesti, akapima mlango, akapima kimo chake mwenyewe. Futi ilikuwa sawa. Yeye ndiye aliyepungua kidogo.

*Vibarua hewa.* Lakini vibarua hewa hula mshahara bila kufanya kazi. Hapa kazi imefanyika na mshahara haujaliwa. Kama Ruvwe kuna hewa, basi ni hewa inayobeba zege.

*Elinazi.*

Asilimia 18

Elinazi Mrutu ndiye fundi mkuu. Mtu wa maneno machache, mikono mikubwa, na shati lililofungwa vifungo mpaka kooni hata jua likiwaka. Hana tabia ya kuangalia pembeni akisema, na hilo ndilo lililomtia Editruda wasiwasi zaidi, maana waongo wazuri wote aliowajua walikuwa hivyo.

Lori haliwezi kufika Ruvwe. Barabara inaishia chini, mahali panapoitwa Kona ya Namkunda, na kuanzia hapo kila mfuko wa saruji, kila tofali, kila nondo lazima ipande mlima kwa mgongo wa mtu au wa mnyama. Mfuko ulitenga fungu zima la upandishaji. Fungu lenyewe halijaguswa hata robo, na vifaa vyote viko juu.

"Fundi," Editruda alimuuliza, "mizigo inapandishwa na nani?"

"Punda, dada."

"Wangapi?"

"Wawili."

"Mimi nimemwona mmoja."

"Mwingine ana mimba. Tumempumzisha."

Akaandika: *punda, mimba*. Akapiga mstari chini yake mara mbili.

Asilimia 24

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo wanavyosema watu, na ndivyo wanavyofanya, kote alikowahi kulala Editruda. Ruvwe hawakumpa jembe. Walimpa kuku.

Mama Nakijwa, mwenye gesti, alimpa kuku siku ya tatu, akampa tena ya nne, kisha makande ya maziwa ambayo hupewa mkwe. Alimfulia. Alimwekea jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya baridi ya ukungu. Na kila Alhamisi asubuhi, Editruda alipofungua mlango, alikuta kikapu kitupu kimemsubiri kizingitini.

"Leo gulio, mwanangu. Saiti imefungwa, watu wote wako sokoni bondeni. Shuka ukanyooshe miguu. Uniletee tangawizi."

"Juzi nilikuletea tangawizi, mama."

"Ile ilikuwa ndogo."

Alishuka. Akaleta tangawizi. Njiani akawa anajiuliza mbona sokoni huko hajawahi kuonana na mtu hata mmoja wa Ruvwe.

Asilimia 30

Maneno yaliyopita dirishani Ijumaa moja asubuhi, bila wenyewe kujua kwamba dirisha halifungi vizuri:

"Katoka?"

"Bado, anapiga mswaki."

"Mwambie fundi zile za jana zifunikwe na turubai, asione bado zina maji."

"Huyu ni mkali kuliko yule wa mabomba."

"Yule wa mabomba alikuwa anacheka. Anayecheka ndiye mbaya."

"Huyu je, hacheki?"

"Sijamwona."

Asilimia 34

Ujumbe wa simu kutoka kwa Bwana Rwegasira, mkuu wa miradi, makao makuu:

*Editruda hongera. Ruvwe ndio mradi bora kanda nzima. Mkurugenzi kaitaja kikaoni. Endelea hivyo hivyo.*

Na baada ya muda kidogo:

*Halafu usisahau kanuni ya tatu. Ripoti Ijumaa, baada ya wiki mbili.*

Alisoma ule wa kwanza mara nyingi. Ule wa pili akaupita, kwa sababu kanuni ya tatu alikuwa anaijua kwa moyo na wakati huo aliiona haina uhusiano na kilichokuwa kinamsumbua.

Asilimia 38

Jumatano jioni alichora mstari wa chaki kwenye tofali la juu kabisa la ukuta wa mashariki. Akaupiga picha. Akafunga geti la mabanzi kwa kufuli, akaondoka na ufunguo, akalala nao ndani ya soksi.

Alhamisi alishuka sokoni, akanunua tangawizi kubwa kuliko zote.

Ijumaa alifungua kufuli kwa mkono wake.

Chaki ilikuwa palepale.

Juu yake safu moja.

Juu yake safu ya pili.

Juu yake safu ya tatu, na juu ya hiyo chura kakaa, anamtazama.

"Fundi," alisema, "jana kulikuwa na kazi?"

"Jana gulio, dada."

"Najua jana gulio."

"Basi hakukuwa na kazi," alisema Elinazi. "Kazi ni ile inayolipwa."

Asilimia 44

Umekaribia nusu ya hadithi. Nusu ya maneno, namaanisha. Nusu ya kuelewa ni kitu kingine, nacho hakipimwi kwa futi. Kama unahisi umeshaelewa zaidi ya ulichosoma, kaa ukijua hivyo ndivyo Editruda alivyoanza kuogopa.

Alikuwa na hofu ya aina moja tu, nayo naisema waziwazi: jina lake. Baada ya wiki mbili ataliandika chini ya namba. Akiandika namba asiyoijua ilikotoka, siku moja mtu atakuja na kuuliza, na hapo hatakuwepo fundi wala punda wa kumjibia.

Asilimia 48

Alhamisi iliyofuata alichukua kikapu, akamuaga Mama Nakijwa, akashuka mpaka Kona ya Namkunda. Hapo akakaa juu ya jiwe. Ukungu ulikuwa mzito, mtu hamwoni aliye hatua chache mbele yake, na yeye aliushukuru.

Akasubiri.

Kwanza ilikuwa kimya. Kisha huko juu, mbali, sauti nene ikaanza, ikakatika, ikaanza tena. Kila Alhamisi alikuwa akiisikia akiwa tayari bondeni, akidhani ni ng'ombe wa mtu. Sasa aliisikia kwa karibu. Ilikuwa pembe.

La mgambo likilia lina jambo.

Akaacha kikapu pale pale, akapanda.

Asilimia 53

Uzio wa mabanzi, upande wa nyuma, ulikuwa na mlango. Mlango mzuri, wenye bawaba, ambao yeye mpimaji wa mambo yote hakuwahi kuuona kwa kuwa hakuwahi kuzunguka nyuma kwenye migomba.

Ndani kulikuwa na kijiji.

Chote. Mstari wa watu ulianzia njiani ukapinda mpaka kwenye ukuta, na matofali yalikuwa yanapita mkono kwa mkono kama watu wanaopokezana mtoto kanisani. Mwalimu wa shule alikuwepo. Muuza duka alikuwepo. Kina mama walikuwa wanapanda kutoka mtoni na ndoo za mchanga juu ya ngata. Mafundi wawili wastaafu walikuwa wameshika mwiko, na Elinazi, katika shati la kanisani, alikuwa anawanyooshea uzi. Juu ya rundo la mawe, pembe mkononi, alisimama mtu ambaye kwa saa hiyo alitakiwa kuwa jikoni akiosha vikombe.

"Mama Nakijwa," alisema Editruda.

Mstari ukasimama. Tofali lililokuwa kwa mwalimu likabaki kwa mwalimu.

"Tangawizi umepata?" aliuliza Mama Nakijwa, kwa unyonge.

Asilimia 59

Sisi watu wa Ruvwe hatukuanza na wodi. Sisi tulianza na maji.

Miaka ile ulikuja mradi wa bomba. Mabomba yakaletwa mpaka konani, yakapangwa, watoto wakawa wanapigia kelele ndani yake. Akaja mtu mcheshi na kompyuta, akapima, akasema mko nyuma ya ratiba. Tulikuwa nyuma kweli. Ulikuwa msimu wa kupanda mahindi, na nani ataacha mvua ipite? Wakaja na lori, wakayapakia tena. Tulisimama tukayatazama yanavyoshuka, na mtu mmoja akapunga mkono, hatujui kwa nini.

Tukakubaliana. Akija tena mtu wa kupima, hatukutwi nyuma.

Msaragambo tumeurithi. Mifereji yote unayoiona imechimbwa hivyo. Pembe ikilia unatoka. Usipotoka unatozwa, na ukikataa kutozwa, siku ya msiba wako utachimba peke yako. Hakuna anayelipwa. Utamlipaje mtu kwa kujenga cha kwake?

Tangazo lilisema asiye kwenye orodha asiingie. Tulilisoma. Ndiyo maana tukaweka mlango nyuma.

Lilisema pia mradi utakaokuwa nyuma utasitishwa. Hilo ndilo tulilolishika.

La tatu lilifutika na mvua.

Asilimia 66

Editruda alikasirika. Halafu akaona haya, na haya ikawa kubwa kuliko hasira, kwa sababu alikumbuka kuku wote aliowala.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tungekuambia, ungeandika," alisema Elinazi. "Si umekuja kuandika?"

"Kila ukitoa ile futi yako," aliongeza Mama Nakijwa, "wanawake walikuwa wanakwenda kuomba. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa ukikohoa. Sema, mwanangu. Tuko nyuma?"

"Hamko nyuma."

"Tuko mbele?"

"Mko mbele sana."

Watu wakapumua. Mmoja akacheka. Elinazi hakucheka, alikuwa anamwangalia usoni.

"Mbona unasema kama mtu anayetoa taarifa ya msiba?"

Asilimia 70

KANUNI ZA MFUKO, NAKALA YA MAKAO MAKUU, ISIYONYESHEWA

3. Mradi utakaobainika kuvuna thamani kubwa kuliko gharama halisi utakadiriwa upya. Gharama ya kazi iliyobaki itahesabiwa kwa kiwango kile kile cha kazi iliyokwisha, na fungu lililobaki litapunguzwa ipasavyo. Kiasi kitakachookolewa kitahamishiwa mradi wenye uhitaji.

Asilimia 72

Alichuchumaa akachora chini kwa kijiti, maana alijua akitumia maneno ya ofisini hawatamwamini, na hata yeye hajiamini akiyatumia.

"Hizi kuta zilitengewa kiasi hiki. Mmezijenga kwa hiki, kidogo. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Mkigawa kazi kwa pesa, moja ndiyo afya, nanyi mmezidi. Mfuko hawajui kuna pembe. Wao wanaona namba tu. Watasema, kumbe Ruvwe vitu ni rahisi. Kama kuta zimepatikana kwa bei hii, na paa litapatikana kwa bei hii. Watakata fungu la paa."

"Mchanga tumeutoa mtoni," alisema Elinazi polepole. "Mawe tumeyapasua wenyewe. Kupandisha, tumepandisha wenyewe. Lakini bati, dada. Bati haliokotwi mtoni."

"Najua."

"Wao wanajua?"

Editruda alifuta mchoro kwa kiganja.

Asilimia 77

Alimpigia Bwana Rwegasira akiwa amesimama juu ya jiwe, mahali pekee penye mtandao.

"Mkuu, tuseme kuna mradi ambao sehemu ya kazi imefanywa na watu wasiolipwa. Tuseme wananchi tu, kwa mapenzi yao."

Upande wa pili mlango wa ofisi ulisikika ukifungwa.

"Editruda, hapo nimekupoteza. Mtandao wa huko milimani mbaya."

"Mkuu, mimi nakusikia vizuri."

"Mimi sikusikii. Nitumie namba tu. Namba zinafika."

Asilimia 80

Rasimu ya kwanza

*Kazi iliyokamilika: asilimia sitini na tatu. Gharama iko chini ya makadirio. Mradi unaendelea viz*

(Kila neno ni kweli. Paa linaondoka.)

Rasimu ya pili

*Kazi iliyokamilika: asilimia arobaini na*

(Polisi. Kila Jumatatu.)

Rasimu ya tatu

*Tofauti hiyo inatokana na nguvu za wananchi wasiokuwemo kwenye orodha ya*

(Kanuni ya kwanza. Eneo linafungwa, fundi mkuu anafukuzwa, na ukuta uliojengwa na wasioorodheshwa unabomolewa kwa amri. Amri hiyo ameshawahi kuisimamia mahali pengine, na tingatinga halikuuliza nani alibeba mchanga.)

Asilimia 84

Jumapili, baada ya ibada, Elinazi alimsindikiza kwenda kukichukua kikapu chake konani. Kilikuwa palepale. Ruvwe hawaibi.

"Unajua kwa nini hapa panaitwa Kona ya Namkunda?"

"Nilidhani ni mwenye shamba."

"Ni binti yangu. Tulikuwa tunamshusha mama yake kwa machela, akazaliwa hapa. Tulikuwa watu wanane, hakuna hata mmoja aliyejua la kufanya. Hakukaa sana." Alionyesha kwa kidevu chini ya mti mdogo wa mparachichi. "Watu wakaanza kusema, tukutane pale kwa Namkunda. Lori limeishia kwa Namkunda. Mpaka madereva kutoka mbali wanalijua jina lake. Mimi nilipewa nafasi ya fundi mkuu mjini, dada, kwenye ghorofa. Nikakataa, nikaja kwenye hii."

Editruda alitaka kusema pole. Akaisema, na ikawa ndogo.

"Sitaki pole," alisema Elinazi. "Nataka paa."

Asilimia 88

Jioni hiyo, jikoni kwa Mama Nakijwa, watu watatu na sufuria moja ya makande.

"Nimefikiria," alisema Mama Nakijwa. "Wewe ulisema moja ndiyo afya."

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tumezidi."

"Mmezidi."

"Basi tushushe safu ngapi ili tupate bati?"

Elinazi aliweka kijiko chini. Ukimjua fundi, unajua kumwambia abomoe ukuta ulionyooka ni sawa na kumwambia ateme chakula. Lakini alikuwa anafikiri, na kilichomtisha Editruda ni kwamba na yeye alikuwa anafikiri. Ukuta ukishuka, atapima kilichopo. Akipima kilichopo, ataandika ukweli. Jina lake litakaa chini ya namba ya kweli, fungu la paa litabaki, na safu zitarudi juu Alhamisi yoyote baada ya bati kufika. Hatakuwa amedanganya hata tarakimu moja.

Sasa hilo, msomaji, lina jina gani? Yeye hakulipata.

"Za juu hazijakomaa," alisema Elinazi hatimaye. "Baridi imezichelewesha. Zikigongwa taratibu zinashuka nzima."

"Mimi sijasikia hilo," alisema Editruda, na mara akaisikia sauti ya Bwana Rwegasira ndani ya sauti yake mwenyewe. Akaona aibu. "Nimesikia," alisema. "Nimesikia, ila sijui."

"Hata sisi hatujui," alisema Mama Nakijwa. "Wengine wanasema zishuke. Wengine wanasema tupandishe mpaka juu kabisa, Mfuko waje waone wenyewe, waseme watatunyima paa machoni petu. Tutaamua Alhamisi."

"Na mimi?"

"Wewe utapima Ijumaa. Kula, makande yanapoa."

Asilimia 95

Alhamisi. Pembe.

Editruda alifungua mlango wa chumba chake. Kikapu hakikuwepo kizingitini. Palikuwepo ngata, mpya, ya majani ya mgomba, imesokotwa kwa kichwa cha mtu wa nywele nyingi.

Aliishika kwa muda. Kisha akaenda nayo.

Ukungu ulikuwa umelala mpaka chini. Alipita mlango wa nyuma, akaufuata mstari kwa kusikia tu, kikohozi hapa, viatu vya mpira kule, mpaka alipomkuta mwalimu wa shule, na baada ya mwalimu pengo, na baada ya pengo Mama Nakijwa. Pengo lilikuwa na upana wa mtu mmoja. Upande mmoja mstari ulikwenda kwenye ukuta, upande mwingine ulikwenda kwenye rundo la matofali, na pande zote mbili zilikuwa zimemezwa. Hakuona safu ya juu. Hakuona hata ya chini.

Aliingia kwenye pengo.

Hakuna aliyemsalimia, wala aliyeshangaa. Tangu afike Ruvwe, ndiyo mara ya kwanza walimwacha asimame kama mtu.

Angeweza kuuliza. Swali, "Zinashuka?", lilikuwa la neno moja, na majirani wawili wa kumjibu walikuwa wamemgusa mabega.

Tofali likafika. Lilikuwa zito kuliko alivyokuwa akiliandika miaka yote hiyo, la baridi, na kwenye ukingo wake vidole vyake viligusa kitu kibichi, labda tope la njiani, labda saruji iliyobanduka. Hakukiangalia. Mikono ya jirani yake ilikuwa tayari imenyooshwa kumpokea, na nyuma yake tofali lingine lilikuwa linakuja, kwa hiyo akageuka na

Asilimia ______

Ripoti ya Maendeleo, Wodi ya Wazazi, Ruvwe

Thamani iliyopangwa: *imejazwa*
Gharama halisi: *imejazwa*
Thamani iliyovunwa:

Jina la mpimaji: *Editruda Ngonyani*

Sahihi: